Kufungua Spa ya Masaji Nakuru: Mwongozo Kamili, Kuanzia Ploti Hadi Leseni Ukutani

Wanaotaka kufungua nyumba ya masaji Nakuru hukwama karibu wote mahali pamoja. Wanapata nyumba nzuri Milimani, wanalipa deposit na kodi ya mwezi, fundi anagawa vyumba, bango linapanda, halafu ndipo wanaenda kuomba leseni. Kaunti inauliza habari za ploti na wao hawana jibu. Mwezi wa tatu akiba imeisha na mlango haujafunguliwa.

Kazi yenyewe wanaijua. Wameanzia mwisho, basi. Leseni ya biashara ndiyo karatasi ya karibu mwisho kabisa katika safari hii, na ofisi zinazokuja kabla yake hazivutiwi na harufu ya mafuta ya lavenda wala rangi ya kuta zako.

Fuata hatua kwa mpangilio huu. Sheria za kitaifa ninazozitaja ni zile zile ukiwa Kisumu, Kakamega au Eldoret. Kinachobadilika ni ada na majina ya ofisi, kwa sababu kila kaunti ina sheria yake ya fedha.

## Vitu vya kuwa navyo

Baadhi ya hivi vitatoka kwa mwenye nyumba. Akianza kukuzungusha kabla hata hujampa pesa, tafuta nyumba nyingine.

- Nambari ya ploti na nakala ya hati ya umiliki
- Matokeo ya search ya hivi karibuni (ukaguzi wa rekodi za umiliki) kutoka ofisi ya ardhi
- Ushahidi kwamba reti za ploti (tozo ya kaunti kwa ardhi) zimelipwa. Na kama ardhi ni ya kukodishwa na serikali, kodi ya ardhi pia
- Rasimu ya mkataba wa kupanga, ambayo bado hujaitia sahihi
- Kitambulisho, PIN ya KRA (mamlaka ya kodi) na akaunti ya eCitizen (tovuti ya huduma za serikali)
- Mchoro wa vyumba wenye vipimo, hata kama umechorwa kwa mkono
- Vyeti vya mafunzo vya kila atakayekanda wateja
- Faili moja ngumu ya kuweka nakala na risiti zote

Pesa za kugawa vyumba, kununua vitanda na kuchora bango zisiguswe kwa sasa.

## Hatua ya 1: Amua unauza nini, kwa sentensi moja

Fomu zote utakazojaza zitauliza aina ya biashara. Saluni yenye kitanda cha masaji, spa, na kliniki ya fiziotherapia ni biashara tatu tofauti. Ukiandika moja kwa mipango ya ardhi, nyingine kwa zimamoto na ya tatu kwenye leseni, utarudishwa nyuma.

Jihadhari hasa na neno fiziotherapia. Tangu Sheria ya Wanafiziotherapia ya 2014, kazi hiyo ina baraza lake, na asiyesajiliwa haruhusiwi kuifanya. Bango linalosema "tunatibu kiharusi na mgongo" linakutoa kwenye biashara ya kupumzisha misuli na kukutia kwenye taaluma ya afya. Kama huna mtaalamu aliyesajiliwa, usiahidi kutibu chochote.

Wengi hukosea hapa pia: wanadhani leseni ya kaunti inamthibitisha mkandaji. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazipa kaunti leseni za biashara, lakini linatenga waziwazi usimamizi wa taaluma. Kaunti inaruhusu biashara na mahali. Mikono ya mfanyakazi wako haijapimwa na yeyote pale kaunta.

Ukiwa ndani ya hoteli au loji, tuseme kando ya Ziwa Naivasha, kuna ofisi ya ziada. Sheria ya Utalii ya 2011 inahesabu vituo vya afya na spa miongoni mwa biashara za utalii, hivyo zungumza na mwenye hoteli kuhusu leseni yake ya utalii kabla ya kuingia.

Umefaulu ikiwa: una sentensi moja, kwa mfano "huduma za masaji ya mwili na utunzaji wa ngozi", ambayo utainakili neno kwa neno kwenye kila fomu.

## Hatua ya 2: Soma ploti kabla ya kuipenda nyumba

Mazungumzo ya kaunta ya mipango ya ardhi huenda hivi:

"Madam, ploti ni ya nini?"

"Ni ya spa."

"Spa ni yako. Nauliza ploti."

Anachotaka kujua ni matumizi yaliyoidhinishwa ya kipande kile cha ardhi. Jibu lake liko sehemu tatu, na lazima zote zikubaliane.

Ramani ya mpango wa mji. Nakuru ina mpango mkuu wa maendeleo wa 2014 hadi 2034. Ramani za mipango Kenya hutumia rangi na nambari. Kahawia na 0 ni makazi. Zambarau na 1 ni viwanda, rangi ya chungwa na 2 ni elimu, kijani na 3 ni burudani, manjano na 4 ni huduma za umma. Nyekundu na 5 ndiyo biashara, na hiyo ndiyo unayoitafuta. Nenda ofisi ya mipango ya kaunti na nambari ya ploti, uombe kuonyeshwa ploti hiyo iko rangi gani. Usitegemee kumbukumbu ya ajenti.

Hati yenyewe. Ardhi nyingi ya katikati ya miji ni ya kukodishwa na serikali, na hati yake huwa na masharti maalum. Tafuta mahali panapotaja matumizi. Inawezekana ramani imepaka eneo zima nyekundu lakini hati ya ploti yako bado inasema makazi. Hati ikisema hivyo, ramani haikuokoi.

Jengo. Uliza ramani ya ujenzi iliidhinishwa kwa kazi gani. Jengo la ghorofa laweza kuwa na maduka chini na nyumba za kuishi juu, kwenye ploti ile ile moja. Chumba cha ghorofa ya tatu kilichoidhinishwa kuwa nyumba ya familia hakigeuki duka kwa sababu kinyozi yuko chini. Na kama kila fleti ina hati yake, soma pia kanuni za shirika la wenye fleti.

*Onyo:* jirani si ushahidi. Milimani na Section 58 utaona ofisi, kliniki na mikahawa kwenye nyumba zilizojengwa watu wakae. Huenda jirani alibadilisha matumizi kisheria. Huenda pia hajawahi kuomba chochote na siku yake bado haijafika. Kisumu nayo ina Milimani yake, na huko pia hadithi ni hii hii.

Maoni yangu, kama hii ni biashara yako ya kwanza: chukua chumba kwenye jengo la biashara katikati ya mji, Kenyatta Avenue au Moi Road au mitaa iliyo karibu, hata kama ngazi ni nyembamba na hakuna bustani. Kodi itakuuma, lakini utairuka hatua ya 4 nzima, na hatua ya 4 hula miezi. Bustani utaipata kwenye tawi la pili.

Afisa akikataa kukujibu, andika barua ya kuomba taarifa kwa mujibu wa Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Sheria hiyo inaipa ofisi siku 21 za kuamua. Peleka nakala mbili, moja wagonge mhuri wa kupokea urudi nayo.

Umefaulu ikiwa: karatasi moja inaonyesha nambari ya ploti, rangi yake kwenye mpango, matumizi yaliyo kwenye hati na matumizi ya chumba chenyewe, na yote ni biashara. Hapo ruka hatua ya 4.

## Hatua ya 3: Mwenye nyumba na mkataba

Wenye nyumba wengi husita wakisikia masaji, na wana sababu. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 156, inamkamata anayeendesha danguro na pia anayekodisha jengo akijua litatumiwa hivyo. Badala ya kuudhika, mwonyeshe sentensi yako ya hatua ya 1, vyeti vya wafanyakazi, mchoro wa vyumba na saa za kazi. Mwenye nyumba aliyeona mchoro huogopa kidogo kuliko aliyesikia neno tu.

Usimfiche kwa kuandika "ofisi" au "saluni" kwenye mkataba. Siku ya mgogoro atakufukuza kihalali.

Mkataba uwe na mambo haya:

- Matumizi yaandikwe waziwazi kama ulivyoyaandika kwenye sentensi yako.
- Kodi ianze kuhesabiwa baada ya kibali cha matumizi kupatikana, au deposit irudishwe kikikataliwa.
- Mwenye nyumba akubali kutoa nakala za hati na kutia sahihi maombi ya ploti.
- Ijulikane nani analipa gharama za kubadilisha matumizi. Ploti ndiyo inapanda thamani, na ploti ni yake. Mwambie hivyo kabla ya kukubali kulipa kila kitu.

Kipengele cha pili ndicho cha kupigania. Wengine watakuambia hakuna mwenye nyumba Nakuru anayekubali jambo hilo. Wapo, hasa kwa nyumba iliyokaa tupu muda.

Umefaulu ikiwa: una mkataba uliotiwa sahihi wenye neno masaji ndani yake.

## Hatua ya 4: Kubadilisha matumizi ya ardhi

Hatua hii ni ya waliopata jibu la "makazi" na bado wanaitaka nyumba ile. Kaunta wanaiita change of user.

Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019 inahesabu mabadiliko makubwa ya matumizi ya jengo kuwa maendeleo, sawa na kujenga. Anayeanza bila kibali cha kaunti anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 500,000, kufungwa hadi miezi miwili, au vyote viwili. Kwa hivyo kupaka rangi na kufungua kimyakimya si "kuanza polepole".

Mpangilio wake ni huu:

1. Mwenye ploti ndiye mwombaji. Mpangaji peke yake hawezi, na ndiyo maana hatua ya 3 ilitangulia.
2. Tafuta mtaalamu wa mipango aliyesajiliwa na bodi yao. Omba nambari ya usajili na uithibitishe. Ataandika ripoti inayoeleza eneo, barabara, maegesho, maji taka na kwa nini matumizi mapya yanafaa. Usikubali ripoti iliyonakiliwa kutoka ploti nyingine. Jina la mtaa wa watu likibaki ndani yake utaaibika.
3. Lipa reti zote. Deni la ploti husimamisha faili papo hapo, hata kama ni la mmiliki wa zamani.
4. Tangazia umma. Kwa kawaida ni tangazo la gazeti pamoja na bango lililosimikwa kwenye ploti, na watu hupewa muda wa kupinga. Piga picha ya bango likiwa limesimama, geti likionekana.
5. Wasilisha, lipa, upewe nambari ya faili. Ofisi nyingine za kaunti hutoa maoni: barabara, afya, mazingira, maji.

Kabla ya hilo bango kusimama, nenda mlango kwa mlango. Ukiwaacha majirani wasome neno "masaji" getini bila kukujua, chama cha wakazi kitakutana jumapili hiyo hiyo. Mzee wa nyumba ya kushoto atakuuliza mambo mawili: magari yataegeshwa wapi, na mtafunga saa ngapi. Uwe na jibu la namba. "Mzee, ni magari manne, yote ndani ya geti, na saa mbili usiku taa zimezimwa." Pingamizi nyingi huishia hapo, na zisipoishia, angalau utajua mapema zitaandikwa nini.

Sheria inasema mwombaji asipopata jibu la maandishi ndani ya siku 60, kibali huhesabiwa kimetolewa. Usijengee biashara juu ya kifungu hicho. Kaunta ya leseni inataka karatasi yenye mhuri, na ukimya hauna mhuri. Kitumie kuandika barua ya kukumbusha siku ya 61.

Kama ardhi ni ya kukodishwa, kibali cha kaunti hakijamaliza kazi: masharti ya hati nayo hubadilishwa. Hapo mwachie wakili wa mwenye ploti.

Na kama ulishafungua kabla ya kusoma haya, simamisha kazi, kisha upeleke maombi ya kuhalalisha ukiwa umefunga. Notisi ya utekelezaji ikibandikwa mlangoni mazungumzo huwa magumu zaidi.

Umefaulu ikiwa: una barua ya kibali yenye nambari ya ploti na matumizi mapya, na umesoma masharti yaliyo mgongoni. Mara nyingi kuna sharti la maegesho au la saa.

## Hatua ya 5: Jina na PIN

Hatua fupi. Sajili jina la biashara kupitia huduma ya usajili wa biashara kwenye eCitizen. Peleka majina kadhaa, maana "Serenity" na "Relax" zimejaa. Epuka majina yanayokonyeza jicho; afisa wa leseni ni binadamu na ataona unachokusudia.

Kwa KRA, biashara yenye mauzo ya zaidi ya shilingi milioni moja na yasiyozidi milioni 25 kwa mwaka huangukia kodi ya mauzo, ambayo tangu Julai 2023 ni asilimia 3. Hesabu kwenye bei zako tangu mwanzo.

## Hatua ya 6: Panga vyumba vipite ukaguzi

Sasa fundi aje. Wakaguzi wawili wanakuhusu: afisa wa afya ya umma na zimamoto. Wape mchoro kabla ya ubao wa kwanza kupigwa msumari, uwaulize kama kuna wanachotaka kibadilike. Kubomoa ukuta wa jipsamu uliokwisha kupakwa rangi ni hasara mara mbili.

Anachotazama afisa wa afya. Hewa na mwanga kwanza. Kosa la kawaida ni kukata sebule moja kuwa vyumba vinne, kisha vitatu vikakosa dirisha. Vyumba viwili vyenye dirisha vinapita kuliko vinne visivyo nalo. Kisha maji yanayotiririka: sinki ya kunawa mikono ndani ya chumba au hatua chache kutoka hapo, choo kinachofanya kazi, ndoo ya taka yenye kifuniko. Weka tangi, kwa maana siku ya mgao wa maji ndiyo mkaguzi huja.

Shuka na taulo ni safi kwa kila mteja, bila mjadala. Tenga kabati la safi na pipa la chafu, vyumba tofauti ikiwezekana. Kwa sehemu iliyoguswa na damu au majimaji ya mwili, dawa ya klorini ya nguvu ya asilimia 0.5 inatosha: bleach ya asilimia 3.5 ya dukani, kikombe kimoja kwa vikombe sita vya maji. Iache dakika kumi, kisha suuza, la sivyo itapasua ngozi ya kitanda. Usiichanganye na sabuni ya choo yenye asidi. Hutoa gesi ya sumu.

Anachotazama zimamoto. Njia ya kutokea iliyo wazi, mitungi ya kuzimia moto yenye tarehe ya huduma, nyaya za umeme zisizoning'inia. Mshumaa chini ya pazia ni kufeli papo hapo.

Kuna hatari ambayo wengi hawaijui. Taulo zilizolowa mafuta ya mimea huweza kuwaka zenyewe. Mafuta yaliyobaki kwenye nyuzi huungana na oksijeni na kutoa joto. Taulo zikitoka kwenye mashine ya kukaushia zikiwa moto, zikarundikwa, joto hukosa pa kwenda na kuongezeka mpaka zinashika. Fua kwa maji moto na sabuni ya kutosha, ziache zipoe zikiwa zimetandazwa, na zile chafu zikae kwenye pipa la chuma lenye kifuniko. Mweleze hivyo mkaguzi kabla hajauliza, utaona uso wake.

Milango. Hakuna kitasa cha kufungia kwa ndani kwa ufunguo kwenye vyumba vya masaji. Sababu ya kwanza ni moto. Ya pili ni sifa: mlango unaofungwa kwa komeo, korido yenye taa nyekundu na mapokezi yasiyo na mtu ndivyo vinavyofanya biashara halali ishukiwe. Weka taa nyeupe koridoni, mapokezi yanayoonekana kutoka mlango mkuu, na orodha ya bei ukutani. Kamera ikae mapokezi na koridoni tu, kamwe isiingie chumbani. Taarifa za afya za mteja, kama mimba au ugonjwa wa moyo, zikae kabatini chini ya kufuli. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu kuwa nyeti.

Umefaulu ikiwa: una ripoti ya afya na cheti cha zimamoto, vyote vikitaja anwani ile ile iliyo kwenye mkataba.

## Hatua ya 7: Leseni ya biashara

Ukiwa na faili kamili, kaunta hii ni nyepesi. Peleka kibali cha ploti au uthibitisho wa matumizi, mkataba, cheti cha jina, PIN, ripoti ya afya, cheti cha zimamoto.

Ada hutegemea aina ya biashara, ukubwa wa nafasi na idadi ya wafanyakazi, kulingana na jedwali la sheria ya fedha ya kaunti ya mwaka huo. Omba kuliona jedwali. Usiongeze wafanyakazi wa kubahatisha kwenye fomu ukidhani unajionyesha mkubwa. Utalipia ukubwa huo.

*Onyo:* lipa kupitia mfumo rasmi wa kaunti pekee, na nambari ya malipo uitoe kwenye ankara uliyopewa. Mtu anayekuambia umtumie kwenye simu yake "akusaidie foleni" anakuuzia karatasi bandia. Katiba, kifungu cha 210, hairuhusu ada yoyote isiyo na sheria nyuma yake, kwa hivyo una haki ya kuuliza kila shilingi ni ya nini.

Kagua leseni kabla ya kuondoka kaunta: jina, ploti, aina ya shughuli, tarehe ya mwisho. Wakiandika "saluni" na wewe ni masaji, rudisha hapo hapo.

Umefaulu ikiwa: leseni iko ukutani mapokezi, mahali mgeni anaiona bila kuuliza.

## Hatua ya 8: Bango na muziki

Matangazo ya nje ni kazi ya kaunti na yana kibali chake. Bango likisimama kwenye hifadhi ya barabara, mwenye barabara naye anahusika, na anaweza kuling'oa bila kukuaga. Libandike ukutani mwako.

Picha ya mgongo na mikono inatosha. Msichana anayetabasamu kitandani, maneno kama "full service" au "saa 24", hayo yanakuletea wateja usiowataka, na polisi ambao huwataki zaidi ya hao.

Ukicheza muziki hata wa filimbi na maji ya mto, ni muziki wa hadharani na una leseni ya hakimiliki. Wengi hushtukia hili siku spika inapochukuliwa.

## Hatua ya 9: Wafanyakazi

Anayefanya kazi miezi mitatu au zaidi anapaswa kuwa na mkataba wa maandishi chini ya Sheria ya Ajira ya 2007. Hakikisha umri kwa kitambulisho halisi. Usiajiri wa chini ya miaka 18, hata kwa mapokezi.

Mlipe mshahara au kamisheni inayoeleweka. Mkandaji anayetegemea "tips" pekee atasukumwa kufanya yasiyo kwenye orodha ya bei, na Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 haina huruma kwa anayefaidi na ukahaba wa mwingine: kifungo kisichopungua miaka mitano, au faini ya shilingi 500,000, au vyote. Mpe pia ruhusa ya kumtoa mteja mkorofi bila kuuliza bosi kwanza, na ibandike ruhusa hiyo ukutani.

## Hatua ya 10: Kanjo wakibisha hodi

Kanjo, yaani askari wa kaunti, watakuja, hasa mwanzo wa mwaka. Wapokee mapokezi, omba kuona vitambulisho vya kazi, andika majina na saa kwenye daftari, kisha toa faili. "Afande, kaa hapo, karatasi hizi." Hapo ndipo lile faili ngumu linalipa gharama yake.

Wakidai kuna kosa, waombe waliandike kwenye notisi. Usibishane na usitoe kitu mkononi. Ukitoa leo, jina lako linaingia kwenye orodha ya wiki ijayo.

## Ukikataliwa

Usirudi nyumbani na jibu la mdomo. Sheria ya Haki katika Utendaji wa Kiutawala ya 2015 inakupa haki ya kupewa sababu kwa maandishi, na bila hizo huna pa kukatia rufaa.

Kwa kibali cha ploti, rufaa huenda kwa kamati ya kaunti ya uhusiano wa mipango ya ardhi ndani ya siku 14 tangu uamuzi. Siku hizo ni chache na huanza kuhesabiwa wewe ukiwa bado unalalamika kwa marafiki. Usiporidhika na kamati, mbele yako ni Mahakama ya Mazingira na Ardhi, ambako utahitaji wakili.

Kabla ya kukata rufaa, soma sababu mara mbili. Ikiwa ni maegesho au dirisha, rekebisha uombe upya. Ni rahisi kuliko kesi. Ikiwa ni matumizi ya ploti na majirani wote wamepinga, tumia kile kipengele cha mkataba, chukua deposit yako, na uende ukatazame vyumba vya Moi Road.